Nukta, Mkato na Mkwaju: Historia ya Alama ya Desimali katika Mpaka wa Tunduma na katika Vikokotoo vya Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya alama inayotenganisha namba nzima na sehemu zake katika mpaka wa Tunduma, mkoani Songwe, na namna programu za kikokotoo zilivyoirithi historia hiyo. Hoja kuu ni kwamba programu huchagua nukta au mkato kwa kuangalia nchi iliyowekwa katika kompyuta, ilhali katika mji wa mpakani alama hubebwa na hati, na hati husafiri. Kiswahili, lugha kuu ya biashara katika njia hiyo, kina desturi mbili za kuandika desimali chini ya jina moja la lugha. Kilikuwa pia na desturi ya tatu, ya mkwaju, ambao kompyuta imeupa kazi nyingine.

1.0 Utangulizi

Tuchukue hati ya mzigo wa shaba iliyoandaliwa Lubumbashi, inayoeleza kwamba lori limebeba tani 28,450. Kwa aliyeiandika, ambaye amesoma hesabu kwa Kifaransa, huo ni uzito wa tani ishirini na nane na kilo mia nne na hamsini. Hati hiyo hupita Kasumbalesa, huvuka Zambia yote hadi Nakonde, kisha huingia Tunduma, na hapo husomwa na karani ambaye tangu shule ya msingi amefundishwa kwamba mkato hutenganisha maelfu. Kwa macho ya karani huyo, lori moja limebeba tani elfu ishirini na nane. Hashangai kwa muda mrefu. Anajua lori ni nini, hivyo anasema moyoni kwamba mwenzake alikusudia kilo, na kilo 28,450 ni jibu sahihi kabisa. Amepata ukweli kwa njia isiyo yake: tani zenye tarakimu tatu za desimali, zikisomwa kwa desturi ya Kiingereza, hugeuka kilo bila tarakimu hata moja kubadilika.

Tatizo linaanza namba hiyo inaponakiliwa na kubandikwa katika kikokotoo cha kompyuta ili izidishwe kwa bei ya tani moja. Programu haijui lori. Ikiwa kompyuta imewekewa mipangilio ya Tanzania, programu huufuta mkato, hubaki na 28450, na huzidisha. Jibu ni kubwa mara elfu moja kuliko inavyostahili, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini, kwa sababu kwa upande wa programu hakuna kosa lililofanyika.

Wahandisi wa programu hulichukulia jambo hili kama suala la kiufundi. Makala haya yanalitazama kama suala la tahajia, na tahajia ina historia. Kwa kuwa mwandishi naye hana budi kuchagua, namba zote zisizotajwa kuwa za Kongo au za Wajerumani zimeandikwa hapa kwa desturi ya Tanzania, yaani nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu.

2.0 Shilingi mbili katika mpaka mmoja

Mkoa wa Songwe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa. Mpaka wenyewe ni wa zamani zaidi: ulichorwa katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ambao ulipitisha mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika na kuwagawa Wanyamwanga, ambao hadi leo wanaishi pande zote mbili. Mstari huo uligawa pia hesabu, na hilo halijaandikiwa sana.

Upande wa kaskazini Wajerumani walikuta rupia ikitumika, ikiwa na pesa 64. Mgawanyo huo wa India haukuhitaji alama ya desimali, kwa kuwa haukuwa wa desimali. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliigawa rupia katika heller 100, na hapo ndipo sehemu za mia zilipoingia rasmi katika fedha ya eneo hili. Desturi ya Kijerumani huandika desimali kwa mkato na kutenga maelfu kwa nukta, kwa hiyo rupia mbili na heller hamsini kwa desturi hiyo ni 2,50. Kwa maneno mengine, alama ya kwanza ya desimali kutawala katika makaratasi ya serikali kaskazini mwa mstari huo ndiyo ileile ambayo leo huonekana ngeni inapotoka Kongo. Waingereza walipoichukua nchi hiyo katika vita, mwaka 1916, mkato uliondoka pamoja na waliouleta.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kuzingatiwa zaidi. Tangu 1922 Tanganyika ilitumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyogawanywa katika senti 100. Rhodesia ya Kaskazini iliendelea na utaratibu wa pauni, shilingi na peni, ambamo shilingi moja ilikuwa na peni 12. Shilingi hizo mbili zilikuwa na thamani moja kwa kuwa zote zilifungwa kwenye pauni ya Uingereza, ishirini kwa pauni moja. Jina lilikuwa moja na uzito ulikuwa mmoja, lakini matumbo yalikuwa tofauti. Na pande zote mbili ziliandika bei kwa alama moja: mkwaju.

Mkwaju wa shilingi ulitoka katika uandishi wa Kiingereza, ambamo 2/6 ilikuwa shilingi mbili na peni sita, na 5/- ilikuwa shilingi tano kamili, kistari kikionyesha kwamba hakuna peni. Afrika Mashariki iliichukua alama hiyo na kuitia maudhui mapya: 2/50 ikawa shilingi mbili na senti hamsini. Hapa mkwaju ulikuwa kitenganishi cha desimali kwa kila maana ya neno hilo. Ulitenganisha namba nzima na sehemu za mia, ulisomwa bila shida na kila mwenye duka, na haukutegemea nukta wala mkato. Kule kusini mkwaju uleule ulitenganisha namba nzima na sehemu za kumi na mbili.

Bei iliyoandikwa 2/50 haikuweza kumpotosha mtu wa Nakonde, kwani hakuna peni hamsini ndani ya shilingi. Lakini bei iliyoandikwa 2/10 ilikuwa halali pande zote mbili. Tunduma ilimaanisha shilingi mbili na senti kumi, yaani 2.10. Nakonde ilimaanisha shilingi mbili na peni kumi, yaani shilingi 2.83 na kitu. Tofauti ni zaidi ya senti sabini katika bei ya shilingi mbili. Mtu aliyevuka hatua chache tu na karatasi ileile mkononi alivuka pia kutoka hesabu moja kwenda nyingine, na kwenye karatasi hapakuwa na dalili yoyote ya kumwonya. Hali hiyo ilidumu hadi Januari 1968, Zambia ilipoanza kutumia kwacha yenye ngwee 100, kwacha moja ikichukua nafasi ya shilingi kumi.

Tanzania ilitoa shilingi yake mwaka 1966, pamoja na sarafu za senti 5, 20 na 50. Mfumuko wa bei uliokuja baadaye uliimaliza senti katika matumizi ya kila siku, na ukaumaliza pia upande wa kulia wa mkwaju. Kilichosalia ni umbo la 5,000/= ambalo bado limejaa katika mabango ya maduka, risiti na hata mikataba. Kihistoria, /= ni kitenganishi cha desimali ambacho hakina tena cha kutenganisha. Ni kama mlango uliobaki umesimama baada ya chumba kubomolewa.

Mpaka huu ulipata somo jingine la mara elfu hivi karibuni. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sufuri tatu katika kwacha, na kwa miezi sita noti za zamani na mpya zilizunguka pamoja. Bei iliyokuwa 150,000 ikawa 150. Katika kipindi hicho, alama iliyokuwa ikitenga maelfu ikawa, kwa kwacha mpya, mahali hasa ambapo namba nzima huishia. Aliyezoea kuisoma 1,500 kama elfu moja na mia tano alitakiwa sasa aione kwacha moja na ngwee hamsini. Ni kana kwamba nchi nzima, kwa miezi sita, ilisoma mkato kwa namna ya Kongo.

3.0 Majina ya sehemu na majina ya alama

Kiswahili kiliingia katika desimali kikiwa na msamiati mpana wa sehemu, uliotoka Kiarabu: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Namna ya kutoa nayo ipo, kasorobo. Msamiati huu hutaja sehemu kwa jina, wala haudai alama. Ndani yake mna ushahidi wa vipimo vilivyopotea. Sumuni ni senti hamsini, yaani nusu ya shilingi, ingawa neno lenyewe ni thumuni, sehemu ya nane. Senti hamsini ni sehemu ya nane ya shilingi nne, na hivyo jina hilo linaielekeza akili kwenye fedha nzima ya zamani, kubwa kuliko shilingi. Aliyesema sumuni Tunduma mwaka 1950 alikuwa akihesabu kwa fedha isiyokuwapo mfukoni mwa mtu yeyote.

Desimali inaposomwa darasani Tanzania, 3.25 ni tatu nukta mbili tano, tarakimu moja baada ya nyingine. Kifaransa husoma sehemu ya desimali kama namba kamili, na Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho huchukua Kifaransa kwa wingi katika hesabu na bei, huelekea huko pia. Kwa hiyo tofauti haiishii katika wino. Msikilizaji wa Tunduma husubiri tarakimu zifuatane. Msikilizaji wa Lubumbashi husubiri ishirini na tano.

Neno nukta lenyewe lina mzigo mkubwa. Ni alama ya kumaliza sentensi, na kwa wazee ni sekunde. Katika magazeti, nukta hutenganisha saa na dakika: saa 2.30 ni saa mbili na nusu, wala si saa mbili na sehemu tatu za kumi. Katika tarehe nukta hutenganisha siku, mwezi na mwaka. Kuna jambo la zamani zaidi. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu na tarakimu zake za mashariki, nukta ni sifuri. Umbo dogo la mviringo ambalo karani wa Tunduma huliona kama mwanzo wa desimali, mwandishi wa barua za biashara wa Lamu au Unguja angelisoma kama namba. Ndiyo maana hati ya Kiarabu inayotumia tarakimu hizo ina alama nyingine ya desimali, inayofanana na mkato. Wanaodhani kwamba nukta ni ya Kiswahili kwa asili, na mkato ni ugeni wa Kongo, wanasahau karne kadhaa za uandishi wa pwani.

4.0 Kamati na msimbo

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Nchi hizo nne zilikuwa chini ya Uingereza, zikiandika namba kwa desturi moja, na hivyo tahajia iliyosanifishwa haikuwa na sababu ya kugusa alama ya desimali. Kongo ya Wabelgiji, ambako Kiswahili kilikuwa kikitumika migodini na shuleni, haikuwamo. Mpaka wa usanifishaji ukawa mpaka wa nukta bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Miaka mingi baadaye mpaka huo uliandikwa upya, safari hii katika faili. Programu nyingi za leo huchota taarifa za lugha na nchi kutoka hifadhidata ya CLDR, inayotunzwa na Unicode Consortium. Humo Kiswahili, chenye msimbo sw, hutumia nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu. Kiswahili cha Kongo, ambacho kiliwahi kuwa na msimbo wake wa swc kabla ya kuwekwa chini ya sw kama sw-CD, hutumia mkato kwa desimali na nukta kwa maelfu. Lugha ni ileile, herufi ni zilezile, lakini 1.500 ni moja na nusu Dar es Salaam na elfu moja na mia tano Lubumbashi. Isidhaniwe kwamba hili ni suala la Kiingereza dhidi ya Kifaransa tu. Afrika Kusini, ambayo nayo hupeleka malori katika njia hiyo, iliufanya mkato kuwa alama rasmi ya desimali ilipohamia mfumo wa metriki.

Wafasiri wa programu kwa Kiswahili hawakupewa nafasi ya kulijadili jambo hili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi iliyosifiwa kwa haki ilikuwa ya maneno: menyu, amri, ujumbe wa makosa. Alama za namba hukaa katika faili nyingine, inayofuata nchi. Mtu anaweza kuisanifu istilahi yote ya lahajedwali bila kuigusa nukta hata moja.

Kimataifa, hakuna aliyeshinda. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua mwaka 2003, katika Azimio la 10, kwamba alama ya desimali iwe nukta au mkato, vyovyote vile. Ulisisitiza pia uamuzi wa mwaka 1948 kwamba makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu, si kwa nukta wala mkato. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye manufaa kwa Tunduma, na ndiyo isiyofuatwa. Kama maelfu yangetengwa kwa nafasi, 28,450 isingekuwa na maana mbili.

5.0 Kikokotoo hufanya nini hasa

Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta namba haina nukta wala mkato. Alama huzaliwa wakati namba inapoonyeshwa, na hufa wakati maandishi yanapogeuzwa kuwa namba. Usanifu wa lugha ya C wa mwaka 1989 uliingiza utaratibu ambao programu huuliza mfumo endeshi alama ya eneo ni ipi, na vikokotoo vingi vya mezani bado hufuata wazo hilo. Swali linaloulizwa ni hili: kompyuta hii iko nchi gani? Kwa kompyuta ya Dodoma swali hilo linatosha. Kwa kompyuta ya wakala wa forodha Tunduma, anayepokea katika siku moja hati za Dar es Salaam, Lusaka, Lubumbashi na Durban, swali linalofaa ni jingine: namba hii imetoka wapi?

Katika kuchapa, tatizo limetatuliwa vizuri. Kitufe cha nukta kilicho katika safu ya namba, upande wa kulia wa kibodi, hakichukuliwi na programu nzuri kama nukta. Huchukuliwa kama amri ya kuanza desimali, na alama itakayoonekana hufuata mipangilio. Mtumiaji wa Kongo hubonyeza nukta na kuona mkato. Hapa kidole huamuru maana, na umbo hufuata.

Katika kubandika, kidole hakipo. Programu hukuta umbo peke yake na kulazimika kukisia maana. Baadhi hufuta kila alama wanayoichukulia kuwa ya maelfu bila kuangalia kama makundi ni ya tarakimu tatu, na hivyo 12,50 ya Kongo hugeuka 1250. Nyingine hutumia kanuni ya busara: tarakimu mbili baada ya alama ni desimali, tatu ni maelfu. Kanuni hiyo inafaa kwa fedha na inaharibu mizani, kwa maana uzito wa tani huandikwa kwa tarakimu tatu ili kilo zionekane. Kwa mzigo wa shaba, basi, programu yenye busara hukosea pale ambapo ina uhakika zaidi. Kwa maoni ya mwandishi, kikokotoo kinachokutana na 28,450 kilichobandikwa hakina haki ya kukisia. Kinapaswa kuonyesha masomo yote mawili na kumwacha karani achague, jambo linalogharimu sekunde moja. Anayelalamikia sekunde hiyo hajawahi kurekebisha tamko la forodha lililokwisha kutumwa.

Mkwaju ndio uliopata hasara kubwa zaidi. Akichapa 2/50, mfanyabiashara mzee anayekumbuka bei za ujana wake hupata 0.04, kwa kuwa kikokotoo kimeufanya mkwaju kuwa alama ya kugawanya. Lahajedwali humfanyia ajabu zaidi: 2/10 hugeuka tarehe, 2 Oktoba au 10 Februari kutegemea nchi iliyowekwa. Bei ileile iliyokuwa na maana mbili mwaka 1950 ina maana mbili tena, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo bei. Na 5,000/= ikinakiliwa kutoka katika risiti ya mtandaoni na kubandikwa, programu nyingi huikataa kabisa. Hakuna kipengele cha mipangilio ya sw-TZ kinachoitambua /= kama mwisho wa namba, ingawa ndiyo alama ya bei ambayo Mtanzania huikuta kila siku. Kuiingiza hakuhitaji azimio la kimataifa. Kunahitaji mtu mwenye kuijua desturi kuiandika na kuipeleka kwa wanaotunza hifadhidata, kazi ambayo idara za Kiswahili zina sifa zote za kuifanya.

Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja. Mifumo ya tamko la mizigo bado ni ya kila nchi. Nje ya jengo, katika maduka yanayotazamana na barabara, vitabu vya risiti vya karatasi bado huuzwa vikiwa na safu mbili zilizochapwa juu yake Shs. na Cts., na mstari mmoja wa wima kati yake. Mstari huo hauwi nukta wala mkato. Shilingi huandikwa kushoto na senti kulia, na pale senti zisipokuwapo, safu huachwa tupu au huwekewa sufuri mbili. Mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Lubumbashi huisoma namba ileile.